Namalizia masta, CV yangu ina kurasa 5 na sijaitwa intavyuu hata moja. Naombeni mnichane

BintiKilombero
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni binti wa miaka 29, niko SUA Morogoro nasoma masta ya uchumi wa kilimo, kozi za darasani nimemaliza, dezertesheni iko kwa supavaiza anasahihisha sura ya nne, Mungu akipenda Novemba navaa joho. Tangu mwezi wa tatu nimeanza kutuma maombi ya kazi, kama 30 hivi, wachache wamejibu "tunashukuru kwa kuomba" na wengine kimya kabisa.

CV yangu nilitengenezewa steshenari ya nje ya geti kwa elfu tatu nikiwa mwaka wa tatu wa digrii, tangu hapo naongezea tu chini. Ina picha, ina dini, ina shule ya msingi, mpaka semina ya ujasiriamali ya siku moja imo. Barua ya maombi nayo ni ileile ya 2019, nabadilisha jina la ofisi tu (juzi ndio nimegundua bado inasema nina miaka 23). Na nikiri, kuna siku nilisahau kubadilisha nikapeleka kwa taasisi moja barua inayosifia taasisi nyingine.

Kitu kingine, kabla ya masta nilifanya kazi miaka miwili kwenye kampuni ya mikopo Ifakara. Afisa mikopo, unapanda boda asubuhi unaenda Mang'ula na vijiji vya kule kufuata marejesho. Hiyo sijaiweka kwenye CV maana watu wakisikia mikopo midogo wanawaza kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, na mimi nataka utafiti au kufundisha chuo. Digrii ya kwanza nina GPA ya 3.6 kati ya 5, masta naelekea 4.2.

La mwisho, supavaiza amesema hawezi kuniandikia barua ya kunipendekeza mpaka nimpelekee mpango wangu wa kazi wa miaka mitano, ukurasa mmoja. Wiki nzima nimeandika "kuwa mtafiti mbobezi" nikakwama hapohapo. Nianzie wapi? Chaneni tu, sitanuna.

KobeMwendokasi
Dada CV unapoteza wino wa watu, tafuta koneksheni. Nimemaliza.

MamaHR_Mstaafu
Mdogo wangu hongera kwanza kwa kufika sura ya nne, wengi wanafia ya pili. Nimefanya HR, yaani mambo ya kuajiri, miaka saba kwenye shirika moja Dar, sasa hivi nafuga kuku wangu Kibaha kwahiyo nasema bila kuogopa mtu. Tangazo moja la afisa mradi lilikuwa linatuletea maombi mia sita na ushee, tunakaa wawili tunayapunguza mpaka yabaki kumi na tano. Ukurasa wa tano haufiki mtu. Mimi nilikuwa naangalia nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, na kwako nusu hiyo imekaliwa na picha, dini, hali ya ndoa, na naapa kuna sentensi inayosema unatafuta "mazingira ya kazi yenye changamoto", maana steshenari zote nchi hii wanatumia moja. Toa. Weka jina, simu, baruapepe yenye jina lako halisi, mkoa uliopo, basi. Shule ya msingi toa, semina toa, zibaki kurasa mbili.

Halafu hapo kwenye afisa mikopo ndio umenikera. Unaomba kazi ya uchumi wa kilimo, umekaa miaka miwili unaingia kwenye nyumba za wakulima wa mpunga, unajua nani anadaiwa shilingi ngapi na kwanini hajalipa, halafu unaficha?? Kwanza CV yako ina shimo la miaka hiyo miwili, na sisi tukiona shimo tunaanza kujitungia wenyewe, kaumwa, kafukuzwa, ana kesi. Pili, wenzako wote darasani wana dezertesheni na wote wanaijua Stata ya kuchambua data, vumbi la Mang'ula umelila wewe. Andika kampuni, cheo, ulikuwa na wateja wangapi, marejesho uliyakuta asilimia ngapi ukayaacha ngapi. Kama mlikuwa mnabeba masufuria ya watu hiyo usiandike 😂

Ukishamaliza weka hapa mstari mmoja wa zamani na mmoja mpya tuuone.

KobeMwendokasi
Mama HR na wewe hizo kumi na tano ngapi zilikuwa za ndugu wa mabosi? Sema ukweli.

MamaHR_Mstaafu
Zilikuwepo mwanangu, mbili tatu hazikosekani. Na mmoja wa hao aliletwa na simu ya mkubwa kabisa, tukafungua CV yake tumsaidie tukakosa pa kushika, hata mwaka aliomaliza chuo hakuandika. Aliyemleta akaona aibu yeye. Hata huyo wa koneksheni ataambiwa "nitumie CV" 😏

Otieno_wa_Rongai
Salamu kutoka Nairobi. Niko kwa kampuni ya kutafutia watu kazi, niongeze moja tu. Hizi CV za Canva zenye safu mbili na nyota za ujuzi, eti Excel nyota nne Kiingereza nyota tano, wachaneni nazo. Mashirika mengi makubwa maombi yanaingia kwa mfumo kwanza, mfumo unasoma maneno, nyota hauzioni, na safu mbili unazichanganya, unapata jina la chuo limeshikana na namba ya simu. Jaribu hivi: fungua PDF yako, kopi kila kitu, peisti kwa Notepad. Vile inaonekana pale ndivyo mashine inaisoma. Pia angalia maneno ya tangazo, wakisema "mnyororo wa thamani" na wewe umeandika "soko la mazao", badilisha utumie lao kama kweli umefanya hiyo kazi.

Mzumbe_Oldboy
Na wadhamini, jamani wadhamini. Mimi niliweka bosi wangu wa zamani bila kumwambia, kumbe line alishaiacha na mtandao wakamgawia mtu mwingine. Wakapiga, akapokea mama mmoja yuko Singida, akasema huyo kijana simjui na asiniletee matatizo. Niliambiwa na mtu wa ndani baadaye sana. Sasa hivi kila nikituma maombi napiga simu kwanza, shikamoo mzee, nimekuweka mdhamini, kazi yenyewe ni hii, na namtumia tangazo WhatsApp ili akipigiwa asianze kuuliza yupi huyo.

MwalimuWaJioni
Binti, mimi ni mhadhiri, sio chuo chako, na huyo supavaiza wako namuunga mkono kwa asilimia zote. Barua ya kukupendekeza nikiiandika bila kujua unaelekea wapi nabaki na "ni mwanafunzi mwenye nidhamu", na hiyo haijawahi kumsaidia mtu.

Mpango usiuanze na cheo, anza na milango na masharti yake. Mlango wa kufundisha: matangazo mengi ya mhadhiri msaidizi kwenye vyuo vya umma yanataka 4.0 ya masta na 3.8 ya digrii ya kwanza. Wewe una 3.6. Hiyo 4.2 ni nzuri lakini haifuti ya nyuma. Inauma najua, ila bora uumie leo kwenye karatasi kuliko utume maombi miaka mitatu unashangaa. Vyuo binafsi soma tangazo moja moja, mwaka wa kwanza usijenge maisha yako juu ya huo mlango.

Mlango wa utafiti uko wazi zaidi. TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, wana kituo palepale Ifakara kinachoshughulika na mpunga, na miradi ya mashirika ya kimataifa inahitaji watu wanaoweza kusimamia wadodosaji bila kugombana na mwenyekiti wa kijiji. Mlango wa tatu hukuutaja kabisa, na mimi ndio naona una jina lako: mikopo ya kilimo. Benki ya Maendeleo ya Kilimo TADB wana mfuko wa dhamana kwa mikopo ya wakulima wadogo, CRDB na NMB nao wanakopesha kilimo. Mtu aliyedai marejesho kijijini na akaandika tasnifu kuhusu wakulima haohao, nikuambie ukweli, sijawahi kufundisha wanne wa hivyo.

PhD usiikimbilie kwa sababu kazi zimekosekana. Ufadhili wa DAAD, shirika la Wajerumani, wa kusoma humuhumu kanda yetu wanataka digrii yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, kwahiyo ukihitimu Novemba hii unayo nafasi ya kufanya kazi miaka miwili mitatu na ukarudi na swali la maana.

Halafu Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi za serikali, maana najua kwenye hizo 30 zimo. Kazi inayotaka masta usiombe kabla ya kupata cheti na transkripti, hati za matokeo za muda hawapokei. Kwa sasa omba zinazotaka digrii ya kwanza. Barua iwe ya Kiswahili au Kiingereza, iende kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, S.L.P. 2320 Dodoma, ISAINIWE ndipo uiskani, watu wengi wanapandisha barua haina saini. Majina ya NIDA na ya vyeti yafanane herufi kwa herufi, kama kuna Mwanahamisi huku na Mwanahamis kule mtafute wakili mapema. Na tafadhali vyeti skani kwenye mashine, nimeona cheti kimepigwa picha juu ya kitanda na shuka la maua linaonekana pembeni.

BintiKilombero
Nimesoma zote mara mbili, hiyo 3.8 ilinikalisha chini jana nikalala bila kula ila asanteni. Shuka la maua nilikuwa nalo mimi pia, langu lina tausi 🙈

Mama HR huu hapa mstari. Wa zamani (dezertesheni): "Nilihusika katika ukusanyaji na uchambuzi wa data." Mpya: "Nilisimamia wadodosaji 6 kwa wiki 5 kwenye vijiji 4 vya Kilombero, kaya 312, kwa dodoso la kwenye simu (KoboToolbox), nikachambua kwa Stata kwanini wanaolima mbegu ya mpunga ya SARO 5 kwa mkopo wanachelewa kulipa." Na wa mikopo: "Nilihudumia wateja 180, wengi wakulima wa mpunga; marejesho ya wakati yalipanda kutoka 71% mpaka 88% baada ya kupendekeza ratiba ya malipo isogezwe hadi baada ya mavuno."

Hii ya mwisho ni kweli kabisa, nilikuwa nimeisahau. Tulikuwa tunadai kila mwezi, sasa Januari mpaka Aprili mpunga uko shambani, mkulima hela atoe wapi, nikamwambia bosi tuwadai Juni. Alinitukana kwanza, baadaye akakubali kwa vikundi vitatu vya majaribio. Tasnifu yangu yote imetokea hapo, na kwenye CV haikuwepo, ebu fikiria.

MamaHR_Mstaafu
Sasa ndio umeniamsha. Hiyo stori ya Januari mpaka Aprili ndio aya ya kwanza ya barua yako, achana na "Husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni binti mchapakazi ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo". Kichwa cha habari nimeshakiona mwanangu. Serikalini weka anuani mbili na YAH kama utaratibu ulivyo, lakini ndani uongee mambo. Ukurasa mmoja. Ila hiyo 71 mpaka 88 ilikuwa kwa wateja wote au vile vikundi vitatu?

BintiKilombero
Vikundi vitatu tu.

MamaHR_Mstaafu
Basi andika vikundi vitatu. Utaulizwa kwenye intavyuu na ukibabaika hapo utaonekana na zingine umetunga.

MwalimuWaJioni
Na mpango wa miaka mitano ushaujibu, hujaona tu. Swali lako ni malipo ya mkopo yafuate msimu wa mazao badala ya kalenda ya ofisi. Mwaka wa kwanza na wa pili tafuta sehemu ya kulijaribu kwa ukubwa, benki au mradi. Wa tatu chapisha tasnifu hata kama ni makala moja. Wa nne amua PhD ukiwa na data yako mwenyewe. Andika pia unahitaji kipato gani kwa mwezi, una nani nyuma yako, uko tayari kuhamia mikoa ipi. Supavaiza hatakucheka. Mpango usio na kodi ya nyumba ndani yake huwa siamini.

BintiKilombero
Nina mdogo wangu kidato cha tatu namlipia mimi, kwahiyo kujitolea bila posho mwaka mzima siwezi, nitaandika hivyohivyo. Ngoja nikae leo usiku.

*(siku mbili baadaye)*

BintiKilombero
Wakuu mrejesho. CV kurasa mbili, picha imetoka, nimepeisti kwenye Notepad imenyooka. Wadhamini wote watatu nimewapigia, bosi wa Ifakara kacheka sana, kasema nimwambie siku wakipiga asiwe kwenye kelele. Supavaiza kaupokea mpango, kaandika pembeni "sawa, ila mwaka wa tatu ni makala mbili". Nimepata tangazo la afisa mikopo ya kilimo mwisho leo saa sita usiku, barua nimeandika upya yote, imeanza na mpunga uliopo shambani, imesainiwa, imeskaniwa, faili nimeliita jina langu sio "CV new final FINAL 3". Nimetuma dakika kumi zilizopita, mikono inatetemeka.

Mzumbe_Oldboy
Safi sana. Tarehe juu ya barua umebadilisha?

BintiKilombero
...

BintiKilombero
Nakuja. Wameandika mtu anaweza kutuma upya kabla ya saa sita, nakimbilia steshenari kuskani nyingine.