Nani kampa ruhusa ya kukata kurasa za Goethe kwa wembe?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Hapa Kigoma mjini kuna chumba cha kusomea, sikitaji jina. Kina kitabu kinene cha mashairi ya Goethe, yule mshairi wa Ujerumani, kwa Kiingereza. Sisi tunaokutana Mwanga kusoma mashairi tulikiazima, tukafika kwenye Elegia za Roma, mashairi yake ya mapenzi, tukakuta pengo. Kurasa zimekatwa kwa wembe. Kumuuliza msimamizi, anajibu bila haya: "Ule ni uchafu, nimeutoa kulinda maadili."

Uchafu upi? Nimezisoma zote kwenye simu. Ile ya tano, mtu mchana anafunua vitabu vya Warumi wa kale, usiku yuko na mpenzi wake. Anapitisha mkono kifuani, anashuka nyongani, na hapo ndipo anapozielewa zile sanamu za marumaru. Mpenzi akisinzia, yeye anatunga, na mapigo ya mizani anayahesabu kwa vidole mgongoni mwa huyo mpenzi, taratibu. Mgongoni, jamani! Ninyi watunzi mnaogonga mizani mezani usiku kucha, niambieni mmeona wapi ufundi na mwili vikikutana namna hii.

Goethe alianza kuzitunga 1788, katoka Italia, waziri mzima wa Weimar, akaanza kuishi bila ndoa na Christiane Vulpius, binti aliyefanya kazi kwenye karakana ya maua ya bandia. Zilipotoka 1795 katika jarida la mshairi mwenzake Schiller, waheshimiwa walinuna. Na hapo nne zilikuwa zimeshazuiliwa. Hazikuchapishwa mpaka 1914, mwaka uleule reli ya Mjerumani ilipofika Kigoma. Yaani mwenyewe alishachuja. Halafu anatokea mtu na wembe wake kuchuja upya!

Na hayo maadili ni ya nani? Makungwi wa Ujiji wakimfunda mwali hawamung'unyi maneno. Mwana Kupona, 1858, alimuusia bintiye ampapase mumewe akilala, ampepee, ajisinge, atunge asumini aziweke kitandani. Utendi huo tunausifu madarasani. Mama wa Kiswahili akisema ni hekima, Mjerumani akisema ni uchafu?

Kinachoniuma zaidi ni binti mmoja wa kikundi chetu, anayetunga kutuzidi wote. Alikuwa ameanza kutusomea mashairi yake ya mapenzi, mazuri, ya kweli. Tangu asikie neno "uchafu" daftari halitoki tena kwenye mkoba. Tumembembeleza, hataki. Hasara hiyo nani atailipa?

Kama unaogopea watoto, weka kitabu kabati la watu wazima, hakuna atakayegomba. Kukata ni kuharibu mali ya wasomaji wote.

Msimamizi, najua unapita humu. Kurasa kama unazo, zirudishe. Kama umezichoma, nunua kitabu kingine kwa pesa yako, kizima.