Boti ndogo Ziwa Michigan mwanzoni mwa Mei: nitoke au nisubiri?

Mtoto wa Mwaloni

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa mlioko huku Marekani mnaoyajua haya maziwa makubwa, hasa Michigan.

Niko upande wa mashariki wa ziwa. Wakati wa baridi nilinunua boti iliyotumika, futi 18, ya wazi, injini ya nyuma ya farasi 90. Imekaa chini ya turubai muda wote huo, naichungulia tu dirishani. Sasa theluji imekwisha, jua linawaka, na wanasema Jumamosi joto litafika nyuzi 22. Nimepanga kutoka na shemeji yangu na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Tuingie ndani kama maili kumi, tutupe ndoano, jioni turudi.

Jirani mmoja kaniambia nisubiri mpaka katikati ya Juni. Mwingine anasema samaki aina ya coho wako karibu na ufuko sasa hivi, nikichelewa nitakuta wamehama. Wote wana boti na wote wanaongea kwa uhakika. Mimi nimekulia Ziwa Victoria, mitumbwi nimepanda tangu utotoni, kwa hiyo maji si mageni kwangu. Ila haya machipuko ya huku sijayaelewa. Asubuhi nikilitazama ziwa limelala kabisa, hata kiwimbi hakuna. Hatari inayosemwa iko wapi?

Kapteni Mchovu

Subiri Juni. Uzi ufungwe.

Bint Ukerewe

Kapteni acha utani, mtu kauliza kwa heshima.

Kaka, hatari iko kwenye maji yenyewe. Kule kwetu ziwa lina nyuzi 24 na kuendelea karibu mwaka mzima. Mtu akianguka shida yake ni kuogelea na mawimbi, baridi si jambo la kwanza. Hapo unapotaka kwenda, maili kumi ndani, mwanzoni mwa Mei maji yana nyuzi 4 au 5 hivi. Hewa nyuzi 22, maji nyuzi 5. Wewe utavaa kwa kuangalia hewa, lakini ukianguka utaangukia majini.

Sababu ya ziwa kuchelewa kupata joto ni hii: maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Baada ya baridi, ya juu yana nyuzi 2 au 3. Jua likiyapasha yanakuwa mazito, yanazama, na ya chini yaliyo baridi yanapanda kuchukua nafasi. Kwa hiyo jua haliwezi kupasha ngozi ya juu peke yake, linahangaika na ziwa zima kwanza, na Michigan ina kina cha mita 281 pale penye shimo. Kandokando, kwenye kina kifupi, kazi hiyo inaisha mapema. Ndiyo maana unaweza kukuta pembeni nyuzi 10, ukisogea maili chache tu umerudi kwenye 4.

Usikisie. Maabara ya NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) iliyoko Ann Arbor inatoa kila siku ramani ya joto la uso wa maziwa yote matano, bure. Fungua, weka kidole mahali unapokwenda, soma namba.

Mzee wa Tezi

Dada kamaliza suala la fizikia. Mimi niongeze kinachompata mtu akiingia kwenye maji hayo, maana wengi wanadhani utakufa kwa kuganda polepole. Hapana. Wengi hawafiki huko.

Kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, aliyeitangaza kanuni ya 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Ukiivuka hiyo, una kama dakika 10 ambazo mikono na vidole bado vinakutii: kushika kamba, kupanda botini, kubonyeza redio. Baada ya hapo vidole ni vijiti. Kupoteza fahamu kwa baridi kunakuja baadaye, kama saa 1.

Sasa jiulize jaketi la kuokolea linafanya kazi gani. Linakushikilia kichwa juu ile dakika moja ambayo ujuzi wako wote wa kuogelea haupo. Na liwe limevaliwa. Lililo chini ya kiti hutalivaa majini ukiwa unatweta. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani zinarudia jambo lilelile mwaka hadi mwaka: katika waliozama kwenye ajali za boti, sehemu kubwa mno hawakuwa wamevaa.

Maili kumi na watoto, mwezi Mei, kwenye boti ya wazi? Mimi singekwenda. Sisemi kukutisha.

Dogo wa Milwaukee

Wazee mnamtisha mwenzenu. Mimi niko ng'ambo ya pili, natoka kila Aprili na narudi na samaki. Coho huanza kusini mwa ziwa ambako maji hupata joto mapema, baadaye hupanda kaskazini na kuingia kilindini. Jirani yake hajasema uongo. Ukisubiri Juni uwafuate mbali, hapo ndipo utahitaji hizo maili kumi.

Siri ni kwamba SIENDI mbali. Nakaa ndani ya maili moja, kwenye maji ya futi 15 hadi 30. Samaki wapo hapo hapo. Sijui kwa nini watu wakinunua boti wanadhani lazima wapoteze macho ya nchi kavu.

Mzee wa Tezi

Dogo, kwa hilo tuko pamoja. Na jaketi unavaa?

Dogo wa Milwaukee

Navaa mkuu, lile jembamba la kujijaza hewa. Na kamba ya kuzima injini naifunga. Sheria ya shirikisho tangu tarehe 1 Aprili 2021 inakutaka uiunganishe mwilini ikiwa boti yako ni chini ya futi 26 na ina farasi 3 au zaidi, labda uwe unaendeshea ndani ya kibanda kilichofungwa. Hata isingekuwepo sheria, fikiria umeanguka na boti inaendelea na safari bila wewe.

Bint Ukerewe

Dogo, jambo moja. Hayo majaketi ya kujijaza si ya watoto, na kwenye baridi hii hata mtu mzima namshauri lile nene la povu. Linaongeza joto na halisubiri mtungi wa gesi ufunguke ndipo lifanye kazi.

Mtoto wa Mwaloni

Nashukuru sana wakuu. Sikuwa nimelifikiria suala la joto la maji kwa namna hiyo. Watoto nitawaacha nyumbani kwanza.

Sasa nisaidieni kusoma utabiri. Nimeona wa Jumamosi: upepo wa kusini noti 10 hadi 15 (noti moja ni karibu kilomita 2 kwa saa), mawimbi futi 2 hadi 4, mchana uwezekano wa ngurumo. Hakuna onyo lolote kwa boti ndogo. Futi 4 si mita moja na kidogo? Victoria nimepita kwenye makubwa zaidi.

Mzee wa Tezi

Hapo simama kidogo, mengi yamejificha kwenye mstari huo mmoja.

Kwanza, "futi 4" si wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa. Ukikaa saa kadhaa utakutana na wimbi moja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Pili, mawimbi ya ziwa hili yanafuatana kwa karibu, sekunde 4 au 5 tu. Ya baharini yakiwa na urefu huohuo yanakunyanyua na kukushusha taratibu. Haya yanakupiga, na kabla omo, yaani mbele ya boti, haijanyanyuka lingine limefika. Boti ya wazi ya futi 18 inaanza kunywa maji.

Tatu, kutokuwepo kwa onyo si ruhusa. Kwenye maziwa haya onyo la boti ndogo hutolewa upepo ukifika noti 22 au mawimbi yakizidi futi 4. Chini ya hapo wanakuachia uamue mwenyewe. Kwa boti yako mimi ningetoka utabiri ukisema futi 1, au 2 wa mwisho.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mwelekeo wa upepo. Ziwa hili limelala kaskazini hadi kusini, urefu wake unakaribia kilomita 500. Upepo wa kaskazini au wa kusini una uwanja mrefu wa kusukuma maji, na kadiri uwanja unavyorefuka ndivyo wimbi linavyokua. Upepo wa magharibi unavuka ziwa na kuja kujazia mawimbi upande wako. Wa mashariki unatoka nchi kavu, kwa hiyo ukisimama ufukoni unaona maji yametulia vizuri. Huo ndio unaodanganya. Kadiri unavyoingia ndani mawimbi yanaota, na injini ikizima unasukumwa kuelekea Wisconsin, ng'ambo ya pili ya ziwa.

Na joto la nyuzi 22 mwezi Mei mara nyingi linaletwa na upepo wa kusini unaotangulia hewa baridi iliyo njiani. Ikifika, upepo unageuka kaskazini ghafla na joto linaporomoka. Upande wa akina Dogo inaweza kushuka nyuzi nyingi ndani ya saa moja. Watu wanaondoka na fulana wanarudi wanatetemeka. Ukijumlisha na hizo ngurumo za mchana, siku unayoiona nzuri kuliko zote wiki hiyo ndiyo ningeikwepa.

Kapteni Mchovu

Nilisema Juni.

Haya, niseme la maana. Ukungu. Hewa yenye joto na unyevu ikipita juu ya maji ya nyuzi 5 inageuka ukungu papo hapo. Mjini jua kali, maili mbili ndani huoni ncha ya boti yako. Halafu meli za shehena zimeanza safari tangu mwishoni mwa Machi mageti ya Soo, yanayopitisha meli kutoka Ziwa Superior, yalipofunguliwa, na kuna zenye urefu wa futi 1,000. Haziwezi kukukwepa, pengine hata hazikuoni. Uwe na GPS na dira, na honi: ukiwa unatembea ndani ya ukungu piga mlio mmoja mrefu, usipitishe dakika 2 bila kupiga. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya majini, ni lazima kwa maoni yangu, chaneli 16 kwa dharura. Simu inapoteza mtandao, na hata ikiwa nao inaongea na mtu mmoja. Redio inasikiwa na Walinzi wa Pwani pamoja na kila boti iliyo jirani.

Na usishangae maboya ya njia yasipokuwepo mahali ramani inaposema. Mengi hutolewa kabla ya barafu na kurudishwa pole pole wakati huu. Hata yale ya kupimia upepo na mawimbi huondolewa, kwa hiyo Aprili na Mei kuna siku utatafuta vipimo vya katikati ya ziwa usivione.

Bint Ukerewe

Magogo pia. Mito imejaa maji ya theluji na inashusha miti mizima ziwani. Gogo linaelea nusu limezama, hulioni mpaka limegonga. Mwendo wa kasi uache kwanza.

Na mdomoni mwa bandari, pale kati ya kuta mbili, usidharau. Maji ya mto yanatoka, mawimbi yanaingia, mengine yanagonga ukuta na kurudi. Nimeona ziwa lote linapitika, pale mlangoni ni vurugu tupu. Kabla ya kutoka simama utazame kwa dakika kadhaa, na ukumbuke wakati wa kurudi upepo utakuwa umeongezeka.

Mgeni 77

Samahani kuingilia. Mimi sina boti, navua tu nikiwa kwenye hizo kuta za bandari. Haya yananihusu?

Mzee wa Tezi

Yanakuhusu ndugu, pengine kuliko yeye. Mstari wa dhoruba ukivuka ziwa kwa kasi fulani unasukuma wimbi linalofika ufukoni hata baada ya dhoruba kupita na anga kutulia. Tarehe 26 Juni 1954 wimbi la namna hiyo liliwasomba wavuvi Chicago, wanane walikufa. Tarehe 13 Aprili 2018 lilionekana tena Ludington, maji yakapanda na kushuka ghafla. Ngurumo zikipita, shuka ukutani na usikimbilie kurudi. Na wewe vaa jaketi.

Mtoto wa Mwaloni

Basi Jumamosi nimefuta. Nimeona Jumanne utabiri ni upepo wa noti 5 na mawimbi chini ya futi 1, baridi kidogo, nyuzi 12. Nitatoka na shemeji peke yetu, alfajiri, maili moja tu kama Dogo alivyosema, na saa nne asubuhi tuwe tumerudi. Mke wangu nimemwachia karatasi: tunakokwenda, saa ya kurudi, na ampigie nani tukichelewa. Kuna kingine?

Dogo wa Milwaukee

Injini iwashe nyumbani kwanza. Ivalishe vile vikombe vya mpira vinavyounganishwa na bomba la maji la bustani, usiiwashe kavu, pampu yake ya maji itaharibika. Mafuta yaliyolala tangu mwaka jana yatoe. Jaribu pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyoingia botini, angalia betri na mipira yote inayopitisha mafuta.

Kapteni Mchovu

Na kizibo cha nyuma, kile cha kutolea maji. Kila machipuko pale kwenye ngazi ya kushushia boti kuna mwanaume anayepiga kelele huku boti yake inajaa. Kifunge kabla hujarudisha trela majini, kisha mwambie shemeji naye akikague.