TV ya chogo Ujiji: king'amuzi kipo, picha inaganda

Mtoto wa Ujiji
Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama hapa Ujiji ana TV ya chogo aliyoachiwa na marehemu baba, hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Tangu analojia, yaani matangazo ya mfumo wa zamani, izimwe ilibaki ya kuwekea vitambaa na maua ya plastiki, hadi nilipomletea king'amuzi cha antena. Waya nyekundu, nyeupe na njano nimechomeka sawasawa. Mchana picha safi. Jioni upepo wa ziwani ukianza, watu wanakatika vipande vipande, picha inaganda, taarifa ya habari ya saa mbili inatupita. Zamani zilikuwa chenga, lakini mtangazaji ulimwona! Antena ni ileile ya mzee, juu ya mwanzi. Jirani anasema ninunue busta. Mama anauliza kwa nini wasiturudishie ya zamani tu.

Fundi Mwanga
Busta acha kwanza. Analojia mawimbi yakipungua picha inachafuka taratibu. Dijitali haina chenga: king'amuzi kikipata data ya kutosha unaona vizuri, ikipungua kidogo tu inaganda. Fungua menyu uangalie mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, busta itakuza mawimbi pamoja na makelele yake. Mchawi wako ni huo mwanzi, unayumba. Weka bomba la chuma, ulifunge ukutani. Halafu vijiti vya antena vikoje? Virefu kama mkono ni vya VHF, masafa ya chini, na dijitali yetu iko UHF, masafa ya juu, vijiti vifupi. Na kama waya ni ule bapa wa zamani, utupe.

Mnyamwezi wa Ipuli
Mwambie mama analojia hairudi. Dar walizima 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata kwa awamu, na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya 2006 yaliweka mwisho 17 Juni 2015. Masafa yaliyobeba chaneli moja sasa yanabeba kumi na zaidi, nani ayarudishe? Fundi, hapohapo: nimeuziwa TV flati ya mtumba hapa Tabora, nimeskani hadi nimechoka, haishiki hata TBC1.

Fundi Mwanga
Angalia imeandikwa DVB-T2, aina ya dijitali ya antena tunayotumia hapa. Ikiwa ni T peke yake, na wewe nunua king'amuzi.

Mtoto wa Ujiji
Waya ni bapa kweli, na vijiti ni virefu. Jumamosi nashusha vyote. Mama anauliza bomba unalipia wewe, fundi?