Wimbo wa The Byrds wenye maneno ya Mhubiri

Mkazi wa Uyole: Wakubwa, shikamooni. Jana, nikiwa kwa fundi redio Mwanjelwa, nilisikia wimbo wa The Byrds ambao maneno yake ni ya Mhubiri, sura ya 3, karibu yote. Je, lilikuwa kundi la dini?

Mwanakwaya, Iringa: Marahaba. Hapana; lilianzia Los Angeles mwaka 1964, na wimbo huo, “Turn! Turn! Turn!”, ambao Pete Seeger ndiye aliyeyatungia maneno hayo muziki, ulishika namba moja Marekani mwaka 1965, miezi michache baada ya wimbo wao mwingine, “Mr. Tambourine Man”, uliotungwa na Bob Dylan.

Mpiga gitaa, Tukuyu: Sikiliza gitaa la Roger McGuinn, mpiga gitaa wa kundi hilo: lina nyuzi 12, zimepangwa mbilimbili, ndiyo maana linalia kama njuga. Langu la nyuzi 6 limenichubua vidole bure. Gene Clark, mwimbaji na mtunzi wao, alipoondoka mwaka 1966, kwa sikio langu, utamu ulipungua.