Mlango wa Mji Mkongwe kwa tabaka: plaiwudi, MDF au akriliki?

Mwanagenzi_Unguja
Assalamu alaikum. Natengeneza mlango wa Kizanzibari wa kutundika ukutani, kimo sentimita 30, nakata kwa leza tabaka kwa tabaka kisha nagandisha. Nataka mtu akiutazama kwa ubavu aone kina: miimo imetangulia, mbao za mlango zimerudi nyuma, misumari ya shaba imechomoza.

Wa kwanza niliukata kwa MDF ya milimita 3, tabaka tano. Ulipendeza sana. Ikaja masika, ukingo wa chini ukavimba kama mkate uliochovywa chai, na ua la juu likabanduka. Mashine ninayokodi ni ya CO2, wati 60. Nihamie plaiwudi au akriliki, ile plastiki ngumu?

Fundi_Wete
Waalaikum salaam ndugu yangu. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikishanywa maji hairudi ilivyokuwa. Huku Pemba sithubutu kuitumia bila kuipaka vanishi pande zote, na kingo mara mbili, maana kingo ndizo zinazonywa.

Plaiwudi ya milimita 3 haivimbi hivyo kwa sababu nyuzi za matabaka yake zimelazwa kupishana. Ugonjwa wake ni kupinda. Ilaze, usiisimamishe ukutani, na uiwekee kitu kizito juu. Nyingine ndani yake ina mabonge ya gundi, leza ikifika hapo haipiti, unageuza kipande unakuta ua limeshikilia pahala pamoja. Kabla ya kununua ubao mzima omba kipande, ukate miraba midogo kumi. Ikianguka yote, chukua.

Bi_Maboksi
Mdogo wangu, mimi nakata kadi za harusi, na nilichojifunza ni kwamba kina kinaletwa na kivuli zaidi kuliko unene. Tabaka mbili za milimita 1.5 zilizoachiwa nafasi ya milimita 3 katikati zinaonekana na kina kuliko tabaka tatu nene zilizogandana. Mimi natia vipande vidogo vya tepu nene ya sponji kwa nyuma, mbali na ukingo visionekane. Tabaka la nyuma kabisa lipake rangi iliyokoza kuliko yote.

Na usianze na mbao. Kata mlango wote kwa kadibodi kwanza, uupange, uuangalie, ndipo uharibu mbao.

Leza_Mwanakwerekwe
Akriliki haitishwi na masika, lakini mlango mzima wa akriliki utang'aa kama bango la duka. Tumia ya rangi ya dhahabu kwa misumari ya shaba tu, viduara vya milimita 5. Ukitaka kuchora juu yake tafuta ile iliyomiminwa kwenye kalibu, maana ikichorwa hutoa weupe mzuri. Ile iliyosukumwa mashineni mchoro wake hufifia. Ukishaikata usiifute kwa spiriti, kingo zitaingia nyufa ndogondogo.

Nakuomba sana jambo moja: usikubali plastiki usiyoijua. PVC inafanana na akriliki, na ikiunguzwa na leza hutoa hewa yenye asidi inayoumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe motoni, nje penye upepo. Moto ukigeuka kijani, hiyo ina klorini. Irudishe dukani.

Mzee_wa_Patasi
Mwanangu, nimechonga milango kwa msaji na mfenesi miaka mingi. Plaiwudi inatosha kwa kazi yako, ila tazama mlango wenyewe kwanza. Wa Kiarabu juu umenyooka, wa Kihindi juu una tao. Usichanganye.

Shida ya tabaka ni kwamba zinatoka ngazi, na nakshi ya patasi haina ngazi, ina mteremko. Kwa hiyo maua ya kizingiti cha juu yakate tabaka mbili nyembamba, kisha ukingo wa lile la juu uusugue kwa msasa namba 240 mpaka bega lake liviringike. Mnyororo wa pembeni usiuguse. Weusi wa moto uliobaki ndani ya pete unakupa kivuli cha bure.

Na mfaa, ule mti wa katikati, uutoe mbele. Ule umepigiliwa kwenye ubao mmoja, unafunika mwanya wa pale mbao mbili zinapokutana. Ukiulaza sawa na mbao zake, huo si mlango tena.

Mwanagenzi_Unguja
Ahsanteni wazee wangu, na wewe dada. Mfaa niliulaza sawa na mbao, hilo sikuliona kabisa. Jioni hii nimekata kadibodi: mfaa umepanda tabaka mbili, miimo nimeiachia nafasi ya milimita 3. Nimeushika dirishani jua likishuka, na kivuli cha mfaa kimelala juu ya ubao wa kulia mpaka kwenye msumari wa tatu. Plaiwudi naifuata kesho.

Mzee, suali moja: msasa niupitishe kabla ya vanishi ya kwanza au baada?

Mzee_wa_Patasi
Kabla. Na baada ya vanishi ya kwanza nyuzi zitasimama, upitishe tena namba 400, kwa mkono mwepesi.