Windows ya Insider kwenye mashine pepe: leseni ikoje?

Koda_Kimya: Wakuu, salaam. Nina Mac ya M1 (chipu ya Apple ya aina ya Arm), nimeweka Parallels, programu ya kuunda mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani yake Windows 11 ya Arm, ile ya Insider, mpango wa Microsoft wa kujaribu matoleo kabla hayajakamilika. Inapiga kazi vizuri, ndiyo ninayotengenezea mfumo wa stoo wa mteja. Sasa mteja anataka nimsainie barua kwamba programu zangu zote zina leseni. Hii si inatolewa bure? Nisaini?

Bwana_Waya: Saini tu mkuu, nani atakuja kukagua?

FundiSeva: Mkuu, usimsikilize huyo. Atakayekagua ni mwanasheria wa mteja, siku mtakapogombana.

Insider haikupi leseni. Inataka Windows iwe imeshalipiwa, na mashine pepe inahesabiwa kifaa kinachojitegemea. Masharti ya Windows 11 yanasema leseni moja, nakala moja, kifaa kimoja, kiwe halisi au pepe. Kwa hiyo hata ile leseni ya laptopu yako nyingine haitumiki humo huku laptopu nayo ikiitumia.

Zamani watu wa M1 walikuwa na kisingizio, njia nyingine haikuwepo. Tangu Februari 2023 Microsoft imeiruhusu Parallels rasmi kuendesha Windows 11 Pro na Enterprise za Arm. Nunua Pro, yaishe.

Halafu ndani ya Windows fungua winver, kidirisha kinachoonyesha toleo, uangalie mstari wa tarehe ya mwisho ya toleo hilo la majaribio. Ikipita, mashine inaanza kujizima na kuwaka kila baada ya saa chache, mwishowe haiwaki kabisa. Ukirudisha snapshoti ya zamani (picha ya hali ya mashine pepe iliyohifadhiwa) ndiyo unajichimbia, maana unaamsha toleo lililokwisha muda. Wapo wanaorudisha saa nyuma. Huko ni kukwepa kizuizi, na hilo nalo limekatazwa.

Koda_Kimya: Duh, tarehe ipo kweli, na haiko mbali. Nikiweka ufunguo wa leseni ya Pro hapohapo?

FundiSeva: Utakuwa na leseni, lakini tarehe haiondoki, ni ya toleo lenyewe. Kama uko chaneli ya Dev au Canary, zile za Insider zenye matoleo mabichi zaidi, mara nyingi kutoka ni kufuta na kusimika upya. Hamisha kwanza msimbo wa programu zako.

Bwana_Waya: Na macOS kwenye mashine pepe?

FundiSeva: Apple wanaruhusu nakala mbili za ziada, juu ya Mac tu, kwa kutengeneza na kujaribu programu au matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Kwenye PC, hapana.

Koda_Kimya: Sawa mkuu. Barua inasubiri, naanza na bakapu.