Mkisema laptopu "inakubali Linux", wekeni na namba za chipu. Mmeniponza!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Mbele yangu kuna laptopu mpya, nimeinunua kwa akiba ya miezi mingi, na muda huu ili niweze kuandika hapa nimeichomekea simu kwa waya wa USB kwa sababu Wi-Fi yake imegoma tena tangu asubuhi. Naomba mtu asije akaniambia "ungefanya utafiti kwanza". Nilifanya! Wiki mbili nzima nilikuwa nasoma kila nilichokutana nacho kuhusu toleo hili. Watu sita, nimewahesabu, waliandika kwamba jina hili hili, namba hii hii ya toleo, inakubali Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, bila tatizo lolote. Mmoja akaongeza: nunua, funga macho. Nikanunua.

Siku ya kwanza nikachomeka flashi ya kusakinishia Linux, nikawasha, nikafika hatua ya kuchagua diski. Hakuna diski hata moja. Hili nilishalisikia kwa wengine, kwa hiyo halikunipotezea muda: kwenye BIOS (programu ya msingi inayowaka kabla ya mfumo) mtengenezaji alikuwa ameiweka diski kwenye hali ya RAID, ya kuunganisha diski kadhaa, ile Intel wanayoiita RST au VMD, wakati ndani kuna diski moja tu. Ukihamia AHCI, hali ya kawaida, inaonekana. (Kama una Windows unayotaka ibaki, usibadilishe kichwa kichwa, itagoma kuwaka mpaka uiandae kwanza kupitia hali salama.) Lakini fikirieni mtu anayeweka Linux kwa mara ya kwanza maishani mwake, anaambiwa mashine aliyoitoa kwenye boksi jana haina diski. Atarudi alikotoka, na kila atakayemuuliza atamwambia Linux ni mbovu.

Baada ya hapo ndiyo ikaja Wi-Fi. Kwenye kona ya skrini hakuna alama ya mtandao, hakuna hata pa kuiwashia. Nikafungua teminali nikaandika lspci -nn. Kwa ambao hamjawahi kuitumia: amri hii inaorodhesha vifaa vyote vilivyoungwa kwenye ubao mkuu kupitia PCI, na karibu na mwisho wa kila mstari kuna namba mbili zenye nukta pacha katikati. Ya mbele ni ya kampuni, ya nyuma ni ya chipu yenyewe. 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14c3 ni MediaTek, 14e4 ni Broadcom. Kadi ya Intel AX210, kwa mfano, itasoma 8086:2725 hata uiweke kwenye laptopu ya kampuni gani.

Nikawarudia wale watu sita. Wawili wakajibu, wakanitumia namba zao. Siyo chipu niliyo nayo mimi. Ni ya kampuni nyingine kabisa! Jina la laptopu moja, ganda moja, picha kwenye tangazo ile ile, ila huko kiwandani wamebadilisha kadi katikati ya uzalishaji bila kugusa hata herufi moja ya jina. Yao ina draiva (programu ya kukiendesha kifaa) ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu miaka. Yangu haina. Nikajipa moyo kwamba kadi ya Wi-Fi ni kitu cha skrubu moja, natoa hii naweka nyingine. Nikafungua kifuniko cha chini, nikatafuta soketi. Hakuna soketi. Chipu imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao.

Nikawaandikia watengenezaji. Wakanijibu mistari miwili: mfumo huo hatuuhudumii, na vipuri vinaweza kubadilika bila taarifa. Bila taarifa! Mtu ananiuzia kitu kwa jina, halafu anajipa haki ya kubadilisha kilichomo ndani na jina analiacha lile lile. Karatasi ya sifa imeandika "Wi-Fi 6", basi. Wi-Fi 6 ni kiwango, siyo kadi. Makampuni chungu nzima yanatengeneza kadi za Wi-Fi 6, nyingine zinawaka zenyewe kwenye Linux dakika ya kwanza na nyingine zitakutoa machozi. Kwa nini namba ya chipu inafichwa kama siri ya ndoa? Wanaijua, wao ndio walioiagiza!

Sasa hivi natumia draiva iliyoandikwa na watu wa kujitolea, iko nje ya kerneli. Nawashukuru kutoka moyoni, bila wao nisingekuwa na chochote. Ila draiva ya namna hiyo lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika. Programu ya DKMS inafanya kazi hiyo yenyewe, mpaka siku kerneli mpya ibadilishe kitu ambacho draiva haikukitegemea. Na kwa kuwa nimeiacha Secure Boot, kinga inayokagua saini za programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, lazima isainiwe kwa ufunguo niliouandikisha mwenyewe, la sivyo kerneli inaikataa. Jumanne nimeamka, nina kikao na mteja saa tatu. Sasisho la usiku limeleta kerneli mpya, draiva haikujengeka. Saa tatu kasoro dakika nane niko kwenye menyu ya GRUB natafuta kerneli ya zamani ili niwake nayo, mikono inatetemeka. Nimeingia kikaoni nimechelewa, nikaanza kwa kuomba radhi kwa kosa ambalo siyo langu.

Hilo la Wi-Fi angalau wengi mnalijua. Linaloniuma zaidi, na karibu hakuna anayeligusa anapoisifia laptopu yake, ni kulala. Jioni moja nimefunga kifuniko betri ikiwa asilimia 84, nikaitia begini nikaondoka. Saa kadhaa baadaye naingiza mkono kwenye begi, nakuta karatasi zote zina joto, laptopu kwa chini haishikiki, feni inavuma imebanwa na kitambaa. Betri asilimia 37. Muda wote ule haikulala hata kidogo, skrini tu ndiyo ilizimika.

Wenye Linux jaribuni hii: cat /sys/power/mem_sleep. Ukiona maneno mawili, s2idle na deep, una bahati, unaweza kuchagua. Ile deep ndiyo usingizi wa zamani, S3, karibu kila kitu kinakatiwa umeme, inabaki RAM ikishikilia kazi zako. Mimi naona neno moja tu, s2idle. S3 imeondolewa kwenye BIOS ili laptopu iige simu, iwe imefungwa lakini bado inapokea barua pepe. Nani aliomba hicho kitu? Kwenye s2idle usingizi unategemea prosesa na kila kifaa kinachoizunguka vikubaliane kutulia. Kimoja kikikataa, iwe diski, iwe kisoma kadi, prosesa haishuki chini kabisa, na wewe uliye nje unaona giza kwenye skrini unadhani mambo safi. Kwa prosesa za Intel kuna kihesabio cha kupimia, slp_s0_residency_usec, kiko ndani ya /sys/kernel/debug/pmc_core. Unakisoma kabla ya kulaza mashine, unakisoma tena ikiamka. Mimi nimeilaza usiku kucha, asubuhi kinasoma 0. Haikuzama hata sekunde moja.

Na tusidanganyane kwamba hili ni la Linux peke yake. Watumiaji wa Windows nao wanalalamika mabegi yenye moto. S3 ingeachwa kwenye BIOS kama chaguo tu, mstari mmoja kwenye menyu, pande zote mbili tungepona.

Vingine sitawachosha navyo. Kisoma alama za vidole hakipo kwenye orodha ya libfprint (programu ya Linux ya kusomea vidole), hicho nilishajiandaa kukikosa. Sauti ilianza na "Dummy Output", yaani mfumo hauoni spika, ikapona nilipoongeza faili za SOF za kuendeshea chipu ya sauti. Kamera nimesalimika, ni ya UVC, kiwango cha kawaida cha kamera za USB, na imewaka yenyewe. Ila mnaotaka kununua, kamera muichunguze sana siku hizi, maana laptopu nyingi nyembamba zimehamia kamera za MIPI, zisizo za USB, zinazopitia IPU6 (kichakata picha cha Intel), na hizo zimewatesa watu miaka. Usikubali kuambiwa "kamera HD" ukaishia hapo. Uliza ni UVC au siyo.

Sasa nije kwetu sisi wenyewe, maana hasira yangu haiko kiwandani tu. Mtu anauliza anunue laptopu gani ya Linux, anajibiwa "chukua ThinkPad, mjadala umefungwa". Mkuu, ThinkPad ipi? Jina hilo limebeba mashine za miaka zaidi ya thelathini, na hata ndani ya kizazi kimoja kuna za Intel na za AMD, na kadi za Wi-Fi za kampuni tofauti. Mwingine anajibu "kwangu inafanya kazi". Inafanya kazi na kerneli gani? Umefunga kifuniko saa nne ukapima betri, au ulifungua kivinjari ukaridhika? Mimi siwaiti waongo. Kwao ilifanya kazi kweli. Lakini mwenzenu anakuja kutoa akiba yake yote kwa sentensi hiyo moja, na nyie mmeiandika bila hata kuinuka kuangalia ndani ya mashine kuna nini.

Na wale wanaokimbilia kuwatukana waandishi wa kerneli pia mnakosea. Mtu anaandika draiva ya chipu ambayo mwenye chipu hataki kutoa nyaraka zake, anabahatisha gizani, halafu akifanikiwa nusu tunamzomea? Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alisimama katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, akaulizwa kuhusu Nvidia, kampuni ya chipu za michoro, akainua kidole cha kati mbele ya kamera. Ilipita miaka kumi, hadi Mei 2022, ndipo Nvidia wakatoa moduli zao za kerneli kwa chanzo huria. Miaka kumi! Hata Debian, mradi wa toleo mojawapo la Linux, ambao kwa misimamo hakuna anayewafikia, mwaka 2022 ilibidi wapige kura waruhusu famweya (programu zinazopakiwa ndani ya kifaa ili kifanye kazi) zisizo huria ziingie kwenye flashi rasmi ya kusakinishia, na Debian 12 ikatoka nazo Juni 2023. Walifanya hivyo kwa sababu watu walikuwa wanakwama pale pale nilipokwama mimi, kadi haiwaki bila famweya, na famweya utaipakuaje wakati kadi haiwaki?

Hata orodha ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, ya mashine zilizothibitishwa isomeni mpaka chini. Kilichothibitishwa ni mpangilio fulani wa vipuri na toleo fulani la mfumo, na wakati mwingine ni ule mfumo uliowekwa kiwandani, siyo ule utakaoupakua wewe. Ni orodha nzuri, naiheshimu, lakini laptopu utakayoletewa inaweza kuwa na kadi ambayo wao hawakuipima.

Kwa hiyo nasema hivi, na naomba tukubaliane kwenye uzi huu: asiyeweka namba asipendekeze. Weka matokeo ya lspci -nn na lsusb (hiyo ni ya vifaa vya USB), weka toleo la kerneli kutoka uname -r, weka kilichomo kwenye mem_sleep. Bora zaidi endesha programu ya hw-probe, inapeleka zote linux-hardware.org, na pale mtu akitafuta jina la laptopu ataona kabisa kwamba jina moja lina kadi tatu tofauti. Mimi laiti ningeanzia huko kabla ya kusoma maoni ya watu.

Na mnaonunua kwa muuzaji mwenye mashine ya Windows, msikubali aseme hawezi kujua. Anaweza. Afungue Device Manager, abonyeze mara mbili kadi ya mtandao, aende Details, achague Hardware Ids. Ataona VEN na tarakimu nne, DEV na tarakimu nne. Ni zile zile. VEN_8086 na DEV_2725 ni ile AX210 niliyoitaja juu. Dakika moja haiishi. Akikataa kukutumia picha ya hapo, hiyo mashine muachie.

Yangu muuzaji amekubali kuipokea, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Nina siku tisa. Natafuta laptopu ambayo kadi ya Wi-Fi iko kwenye soketi, kamera ni UVC, na mem_sleep inaonyesha deep. Ikiwa haina deep, basi awe ameilaza usiku kucha na aniambie betri ilianza asilimia ngapi na ikaamka na ngapi. Sihitaji wembamba, sihitaji skrini ya kugusa. Mwenye nayo mkononi, siyo aliyeisikia, aweke namba hapa chini. Zangu nimeshazipandisha linux-hardware.org leo asubuhi, pamoja na ile sifuri.